Kabla ya kuomba mashine mpya: ubora wa picha hospitali ya wilaya tuuanzie wapi?

Ngambo_ya_Busisi aliuliza:

Habari za majukumu wanajukwaa. Wakubwa zangu kwenye fani, shikamooni.

Nasimamia kitengo cha picha kwenye hospitali ya halmashauri, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza kama unatokea mjini. Jina la hospitali naliacha, nataka tujadili kazi. Tuna eksirei moja ya kaseti za CR (bamba linalopokea mionzi, kisha linasomwa na kisomaji cha kompyuta), ultrasaundi mbili na watumishi watatu wa picha. Daktari bingwa wa radiolojia hatuna. Picha zenye utata tunazituma mjini, zilizobaki anazisoma daktari aliyeziomba.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la wagonjwa halikai tena foleni ya kivuko. Hilo limeokoa watu, kila anayefanya kazi huku analijua. Lakini limekuja na tabia moja inayoniuma: siku hizi ni rahisi mno kumwambia mgonjwa "nenda mjini ukapige upya". Wanarudi kwetu na bahasha mbili, kifua kilekile, wiki ileile.

Nitoe mfano wa mgonjwa mmoja. Mama wa makamo, kazi yake kukausha dagaa, kikohozi kimemsumbua muda mrefu. Nilizishika picha zake mbili dirishani, moja pembeni ya nyingine. Ile ya mjini mapafu yamejaa hewa, mifupa ya mabega imetoka nje kabisa, na juu kulia kuna kivuli kidogo ambacho hata mwanafunzi angekiona. Ya kwetu mifupa ya mabega imelala juu ya mapafu yote mawili, na mbavu za mbele nilizoweza kuhesabu juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) ni nne tu. Kile kivuli kimefunikwa na mfupa wa bega, hukioni hata ukioneshwa kilipo. Mashine yetu siku ile haikuwa na hitilafu yoyote. Mama yule amekula mionzi mara mbili na kulipa mara mbili.

Nilipoipeleka hoja kikaoni, jibu likawa tuandike andiko la kuomba mashine mpya ya DR, ile isiyo na kaseti, picha inaingia kwenye kompyuta moja kwa moja. Sikatai, ikija tutashukuru. Ila naamini kabisa kwamba mashine mpya kwenye utaratibu uleule itatupa picha zilezile, haraka zaidi. Nataka tuanze na kilichopo.

Timu ya uboreshaji huduma tunayo, na 5S, zile hatua tano za kupanga mahali pa kazi, tumeifanya: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kabati zina lebo, nyaya zimefungwa, chumba kinapendeza. Picha yenyewe haijaguswa. Naombeni mnisaidie: ninyi mnapima nini? Mnaandika wapi? Na unawashirikishaje wenzako wawili bila wao kuona umeanza kuwawinda?

---

Mama_Chumba_cha_Giza alijibu:

Marahaba mwanangu. Na hongera kwa kuzishika picha zote mbili dirishani, wengi wangeirudisha ya kwao kwenye bahasha haraka.

Kazi hii nimeifanya hapahapa Mwanza tangu enzi za filamu na dawa za kuoshea. Nimestaafu, ila bado naitwa kuwasimamia wanafunzi wa mazoezi. Ushauri wangu ni mmoja: anza na picha zinazotupwa.

Zamani filamu iliyoharibika ilikuwa inaingia kwenye boksi, kando ya mlango wa chumba cha giza. Boksi likijaa kila mtu analiona, na mhasibu analiona kuliko wote maana filamu ni hela. Kompyuta imeliondoa boksi lile. Siku hizi mtu anabonyeza kufuta, anapiga nyingine, na hakuna anayejua kwamba mgonjwa kapigwa mara mbili. Kwa hiyo amri ya kwanza ya kitengo iwe hakuna kufuta. Picha iliyokataliwa inabaki kwenye mfumo, na sababu yake inaandikwa daftarini palepale, kabla mgonjwa hajavaa shati. Sababu zisiwe nyingi, watu watachoka. Sisi tulitumia sita: mkao, pumzi au kutikisika, eksposha (kiasi cha mionzi), kitu kilichoachwa mwilini (mkufu, sidiria, hirizi, simu mfukoni), hitilafu ya mashine au kaseti, na mwisho, mgonjwa au kiungo ambacho sicho.

Mwisho wa mwezi chukua zilizokataliwa, gawa kwa zote zilizopigwa, zidisha kwa 100. Tuseme mmepiga 900 na 81 zimekataliwa, hiyo ni asilimia 9. Chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, mwaka 2015 kilipendekeza kwa picha za kidijitali lengo liwe asilimia 8, na ukifika 10 ukae uchunguze. Kwa watoto ni 5 na 7.

Lakini mwanangu, usiipende sana namba. Kitengo kinachojisifu kwamba kinakataa asilimia moja tu kinanitia wasiwasi kuliko cha asilimia 11, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba picha mbovu zinapita. Fikiria picha ya yule mama wa dagaa. Haikukataliwa, ilipita. Daftari la zilizotupwa lisingekuonesha chochote juu yake. Ndiyo maana lazima kuwe na zoezi la pili: siku moja kwa wiki, Ijumaa mchana panapotulia, mnachukua picha chache ZILIZOPITA, bila kuchagua, mnazipitia wote watatu kwa vigezo vilivyobandikwa ukutani.

Kwa kifua cha mtu mzima aliyesimama, vigezo ni hivi. Tyubu inayotoa mionzi iwe sm 180 kutoka kwenye kaseti. Mbavu za mbele zisipungue 6 juu ya kiwambo. Ncha za ndani za mitulinga ziwe umbali sawa na mstari wa katikati ya uti wa mgongo. Mifupa ya mabega nje ya mapafu. Pembe zote mbili za chini zisikatwe. Pingili zionekane kwa mbali nyuma ya moyo. Maka, yaani alama ya kulia au kushoto, iwepo ndani ya picha, ile ya risasi, sio ya kuandika kwenye kompyuta baadaye.

Sasa kuhusu pumzi, maana hapo ndipo vifua vingi vya huku vinapoharibikia. Mgonjwa anaambiwa "vuta pumzi, bana" mara moja, na mtu mwenyewe yuko nyuma ya kioo, sauti haifiki vizuri. Mzee wa Kisukuma anaitikia kwa kichwa kwa heshima, ila hajaelewa anatakiwa kufanya nini. Ukimwambia mwangaluka na ukamweleza kwa lugha yake, mwili unalegea. Mfundishe ukiwa umesimama pembeni yake. Mgongo wa viganja kiunoni, viwiko visukume mbele mpaka vielekee kwenye kaseti, kidevu juu. Kisha: vuta, achia, vuta tena zaidi ya mwanzo, bana. Ile pumzi ya pili ndiyo unayoitaka. Afanye mara moja mbele yako, uone mabega hayapandi, ndipo uende kwenye kitufe. Na ukiwa nyuma ya kioo mwangalie yeye, usiangalie mashine. Kifua kikitulia kimejaa, piga. Mabega yakisukumwa mbele namna hiyo, mifupa yake inatoka yenyewe. Mafunzo haya hayataki hela ya halmashauri.

Kuhusu kuwawinda: Ijumaa ya kwanza weka picha zako mwenyewe mezani, peke yake. Daftari lisiwe na safu ya jina la mpigaji. Mwezi ukiisha mnajadili kosa, mathalani "mkao wa goti la pembeni unatusumbua", halafu aliye hodari wa goti anawaonesha wenzake.

---

Fundi_Vifaa_Tiba_Igoma alijibu:

Mkuu, mama hapo juu kamaliza upande wa mikono. Niongezee upande wa chuma, maana kuna siku mikono inalaumiwa bure.

Kuna kipimo kimoja cha sarafu za mfukoni. Kaseti mezani, tyubu sm 100 juu yake, washa taa ya kolimeta (kifaa kinachobana ukubwa wa eneo la mionzi), punguza mwanga uwe mdogo kuliko kaseti. Kila upande weka sarafu mbili, moja ndani ya mwanga na moja nje, zigusane juu ya mstari. Piga eksposha ndogo. Kwenye picha, ukingo wa mionzi unatakiwa upite pale zinapogusana. Ukihama zaidi ya sm 2 kwa umbali huo, taa inadanganya na fundi aitwe. Nimeshakuta sehemu ambako vidole vya watoto vilikuwa vinakatwa kila siku, mtumishi anasemwa, kumbe kioo cha ndani ya kolimeta kimelegea.

Kaseti za CR zina mambo yake. Iliyolala tangu jana ifutwe kwenye kisomaji kabla ya kutumika, kwa sababu bamba linanyonya mionzi ya pembeni na hata ya asili, na picha inatoka na ukungu. Zisihifadhiwe ndani ya chumba cha eksirei. Doa jeupe mahali palepale kwenye picha za kaseti moja ni uchafu wa bamba hilo. Andika namba ya kaseti, lisafishe kwa dawa aliyoelekeza mtengenezaji, sio spiriti ya wodini. Mstari mweupe mwembamba unaoshuka picha nzima na unatokea kwa kaseti zote, hilo ni vumbi ndani ya kisomaji. Kiangazi cha huku kinajulikana, feni na madirisha wazi vinaingiza vumbi la barabarani moja kwa moja.

Picha ikitoka katikati nzuri na pande mbili nyeupe, angalia gridi (kichujio cha mionzi iliyotawanyika) kabla hujaongeza mAs, yaani wingi wa mionzi. Imegeuzwa.

Ile monita inayotazamana na dirisha usinyamaze nayo. Igeuze leo hii, pazia zito baadaye. Halafu tafuta mchoro wa kupimia wa SMPTE, mifumo mingi ya kusomea picha inao. Ndani yake kuna viboksi vya asilimia 5 kwenye weusi na asilimia 95 kwenye weupe. Usipoviona vyote viwili, monita hiyo inakuficha vitu, na hewa iliyovuja pembeni ya pafu itakupita.

Aproni za risasi zitundikwe, zisikunjwe wala kutupwa kwenye kiti. Mara moja kwa mwaka zipigeni eksirei zenyewe, mikunjo ikishakuwa nyufa mtaiona. Na umeme: kompyuta ya CR iwe na UPS, mashine iwe na stabilaiza, na kila unapokatika andika saa. Mwenye daftari la matengenezo kinga lenye tarehe anasikilizwa kikaoni, anayelalamika kwa mdomo haendi popote.

La mwisho. TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, wakija kukagua, usiache ripoti yao iishie kwa mganga mfawidhi. Omba nakala, linganisha na ya nyuma. Wana ofisi ya kanda hapa Mwanza, wanafikika. Ila kumbuka wao wanakuja kwa kipindi, kipimo cha kila wiki ni chako.

---

Ngambo_ya_Busisi alijibu:

Mama, fundi, asanteni sana. Monita imegeuzwa asubuhi hii.

Kuna jambo limejitokeza nilipoanza kupitia picha za nyuma. Karibu zote zinapendeza, hazina chenga (punjepunje), ila namba ya eksposha inayoandikwa pembeni inaruka sana, kiuno cha huyu na kiuno cha yule mwenye umbo lilelile ni tofauti kabisa. Mwenzangu ananiambia huwa anaongeza mAs kidogo "kwa usalama", ili daktari asilalamikie chenga. Namwelewa. Nimwambieje?

---

Dkt_wa_Picha_Mwanza alijibu:

Ndugu yangu, mweleze kwamba amefanya kile ambacho mashine za kidijitali zinamfundisha kila mtu. Kwenye filamu, ukizidisha mionzi picha inakuwa nyeusi na unaaibika papo hapo. Kwenye CR na DR kompyuta inairekebisha, picha inatoka safi zaidi, daktari anafurahi, na aliyelipa gharama ni mwili wa mgonjwa. Ukipunguza, chenga zinatokea na unasemwa. Kila siku mtu anapanda kidogo kwenda upande ambao hasemwi.

Dawa yake ni ile namba. Kwenye mashine zinazofuata kiwango cha kimataifa cha mwaka 2008 kuna EI, namba ya mionzi iliyofika kwenye kaseti, na pembeni yake DI, yaani umekosea lengo kwa kiasi gani. DI ikiwa 0 umelenga. Ikiwa +3 umetumia takribani mara mbili ya kinachohitajika, ikiwa −3 umetumia nusu. Angalizo: mashine za zamani kila kampuni ilikuwa na namba yake. Kwa Fuji, namba ya S ikipanda ina maana mionzi ilikuwa KIDOGO, kinyume na wanavyodhani wengi. Soma kitabu cha mashine yako kwanza, kisha tengenezeni jedwali la kV (nguvu ya mionzi) na mAs kwa kila kiungo, mtu mwembamba, wa kati, mnene, na watoto kwa uzito wao. Libandikwe pembeni ya kitufe. Anayeamua kutoka nje ya jedwali aandike sababu. Na funga kolimeta, tafadhali; nusu ya chenga na ukungu ninaouona kutoka hospitali za pembezoni ni eneo lililoachwa wazi, mionzi inatawanyika tumboni na kurudi kwenye kaseti.

Hapa naomba nitofautiane nawe kidogo kuhusu mama wa dagaa. Kifua kimoja kina mionzi midogo sana, kama 0.02 mSv (kipimo cha mionzi mwilini), wakati mionzi ya asili tunayoishi nayo ni wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani. Kupigwa kifua mara mbili hakukumdhuru kwa kipimo cha maana. Kilichomuumiza ni nauli, siku za kazi alizopoteza, na tiba iliyochelewa. Nalisema kwa sababu tukiwatisha wagonjwa kwa mionzi ya kifua, watakataa picha wanazozihitaji. Hofu hiyo ipelekeni kwenye CT, ile eksirei ya kompyuta inayopiga mwili vipande vipande. CT ya tumbo ni kama 8 hadi 10 mSv, na huko kurudia kwa sababu tu CD ya hospitali iliyotangulia haifunguki ni jambo la kukasirikia kweli.

Sasa na mimi nitoe dukuduku langu kama msomaji. Picha zenu nyingi zinazonifikia ni nzuri kuliko maombi yanayoandamana nazo. Kwenye GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali, naona "chest x-ray", basi. Au "maumivu ya tumbo". Mgonjwa anakohoa tangu lini? Ana VVU? Alishatibiwa TB? Kaanguka kwenye bodaboda? Nikijua, jicho langu linaenda mahali. Mpeni mpokeaji wa picha mamlaka ya kurudisha fomu isiyo na historia. Mganga mfawidhi alitangaze hilo kwenye kikao cha asubuhi, lisiwe ugomvi wa mtumishi wa picha na daktari.

Ultrasaundi nayo tumeisahau kwenye uzi huu, na kwa watu wa kando ya ziwa ndiyo yenye vurugu kubwa zaidi. Chukua kichocho cha matumbo. Mvuvi anatapika damu, anapimwa ini na watu watatu, mmoja anaandika "ini limekauka", wa pili "ini ni la kawaida", wa tatu "ugonjwa wa ini wa muda mrefu". Ini ni lilelile. WHO ina utaratibu wa kupima kichocho kwa ultrasaundi, unaitwa wa Niamey: michoro ya kulinganisha yenye herufi A mpaka F, ambapo C kwenda mbele ni makovu kuzunguka mishipa ya ini, pamoja na kipimo cha mshipa mkuu unaoingia kwenye ini. Chapisha michoro ile, ibandike pembeni ya mashine, na fomu ya majibu iwe na nafasi ya herufi na nafasi ya milimita. Ndani ya muda mfupi watu watatu wataanza kuandika kitu kimoja.

Na kuna majibu yasiyosubiri fomu. Hewa nje ya pafu, mimba nje ya kizazi, damu tumboni, hayo unampigia daktari simu ukiwa bado na mgonjwa, unaandika saa na jina la aliyepokea.

Kuhusu kunitumia picha kwa WhatsApp: najua mazingira, na nitaendelea kusaidia. Lakini picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye monita, yenye mwako wa taa na jina la mgonjwa juu, inapoteza vitu viwili. Kivuli chembamba hakionekani, na siri ya mtu imetoka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo la pili ni kosa, halina utani. Ombeni mfumo wa kutuma faili lenyewe, na kwa sasa angalau jina lifichwe.

---

Nansio_Kwetu alijibu:

Samahanini wataalamu, mimi sio wa fani, ni mfanyabiashara tu wa Ukerewe. Nimesoma uzi mzima kwa sababu limenigusa.

Dada yangu alipokuwa mjamzito alipimwa ultrasaundi sehemu tatu tofauti. Kadi yake ikawa na tarehe tatu za kujifungua, zimepishana karibu mwezi mzima. Huku kwetu tarehe ni jambo zito, maana unapanga lini uvuke kwenda kukaa karibu na hospitali kubwa, nani abaki na watoto, nani auze samaki. Tuliuliza ipi ni ya kweli, tukajibiwa "hii ya mwisho, mashine yetu ni mpya". Alivuka akakaa kwa watu wiki nyingi kuliko tulivyojiandaa, akijua siku zimepita, ana wasiwasi kwamba mtoto amechoka tumboni. Mtoto alizaliwa salama, tunamshukuru Mungu. Lakini naomba niulize, katika ubora mnaouzungumza, hili limo?

---

Mama_Chumba_cha_Giza alijibu:

Limo mwanangu, tena lingekuwa la kwanza kama sisi wa eksirei tusingependa sana mashine yetu. Poleni kwa wasiwasi ule.

Mlichojibiwa hakikuwa sahihi. Umri wa mimba unapimwa vizuri zaidi mwanzoni. Kabla ya wiki 14 unampima mtoto kuanzia kichwani mpaka makalioni, na kupishana kwake ni siku 5 hadi 7 tu. Baada ya wiki 28 watoto wanakuwa na maumbo tofauti, kama watu wazima, na kipimo kinaweza kupishana kwa wiki 3 huku na huku. Kwa hiyo tarehe ya kipimo cha mapema ndiyo inayobaki kwenye kadi mpaka mwisho. Vipimo vya baadaye vinaangalia kama mtoto anakua, kondo limekaa wapi, maji yanatosha, havibadilishi tarehe. WHO tangu 2016 inashauri kila mjamzito apate angalau kipimo kimoja kabla ya wiki 24, na sababu mojawapo ni hiyo.

Ngambo, hili ni lako pia. Weka kanuni: anayepima mimba anaomba kadi kwanza. Kama kuna kipimo cha mapema, anaandika "umri kwa kipimo cha kwanza ni wiki kadhaa, ukuaji unaendana au hauendani". Tarehe mpya haiandikwi. Na muuguzi wa kliniki ya wajawazito ajue kanuni hiyo, kwa sababu yeye ndiye anayeulizwa maswali na mama.

---

Fundi_Vifaa_Tiba_Igoma alijibu:

Na probu za ultrasaundi, kile kichwa kinachopitishwa mwilini, zipimwe jamani. Futa jeli, probu ikiwa kavu hewani, tazama mistari inayoonekana juu ya kioo cha mashine. Kisha pitisha ukingo wa sarafu taratibu kutoka upande mmoja wa probu hadi mwingine. Ukiona kijia cheusi kisichobadilika, chembe za hapo zimekufa. Probu iliyoangushwa sakafuni mara moja inaweza kufanya kazi mwaka mzima ikiwa na pengo, na pengo lile likadhaniwa ni kivuli cha jiwe kwenye nyongo.

---

Ngambo_ya_Busisi alijibu:

Nimeandika yote. Nansio_Kwetu, asante kwa kuingia. Kanuni ya kadi tunaanza nayo wiki hii, nimeshaongea na mwenzangu wa kliniki ya wajawazito na amefurahi.

Mpango wangu: daftari la zilizokataliwa na Ijumaa ya picha zilizopita, kuanzia mwezi ujao. Jedwali la eksposha tutaliandaa wote watatu ili asione mtu limeshushwa juu yake. Michoro ya Niamey naitafuta. Andiko la DR tutaliandika pia, ila baada ya kuwa na namba za miezi kadhaa, ili tukiulizwa tatizo letu liko wapi tuwe na cha kuonesha.

Swali dogo la mwisho kwa mama. Maka za R na L za risasi tulizokuwa nazo zimepotea, na tumezoea kuandika herufi kwenye kompyuta. Unaona ni lazima kweli kabla ya kupata fedha za kununua?

---

Mama_Chumba_cha_Giza alijibu:

Ni lazima. Herufi ya kompyuta inaandikwa na mtu aliyekaa, mgonjwa ameshaondoka, na picha inaweza kuwa imegeuzwa kwenye kioo bila yeye kujua. Ukiwa na mguu uliovunjika haina shida, kila mtu anauona. Ukiwa na maji upande mmoja wa kifua na daktari anakwenda kuchoma sindano, hapo ndipo utaielewa.

Mwone fundi wa vifaa tiba akukatie waya mnene wa shaba au wa solda, aukunje uwe R na L, auweke ndani ya plastiki ngumu. Inaonekana vizuri kwenye picha. Kila mtumishi awe na jozi yake, na mwisho wa zamu zirudi kwenye ndoano zake mlangoni. Ndoano ikiwa tupu, zamu haijakabidhiwa.